Twende Ikombe kwa Wafinyanzi

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako kuna chungu? Labda ni chungu cha kupikia maharage. Labda ni mtungi wa maji uliokaa nyuma ya mlango tangu bibi yako alipokuwa msichana. Kama unaishi Kyela, Tukuyu au Mbeya, huenda chungu hicho kilifinyangwa na mwanamke wa Kikisi. Kilivuka maji kwa mtumbwi kabla ya kufika jikoni kwako.

Mwezi huu tunakupeleka huko kilikotoka. Jiandae. Safari ina milima, ina ziwa, na ina udongo mwingi.

Njia ya kwenda

Ukitoka Mbeya mjini unafika Uyole, kisha unashika njia ya kusini. Gari linapanda milima ya Uporoto. Huko kuna baridi, nawe utahitaji koti. Baadaye unashuka Tukuyu, penye migomba na mashamba ya chai. Unazidi kushuka. Koti unalivua. Ukifika Kyela, jasho linakutoka.

Kyela ni nchi ya mpunga. Mchele wake unajulikana Tanzania nzima. Pia utaona michikichi na mikakao. Kutoka Kikusya barabara inapita Ipinda mpaka Matema. Urefu wake ni kilomita zipatazo 39, na sasa ina lami. Mfinyanzi mmoja aliniambia kwamba lami hiyo imeokoa vyungu vingi kuliko majani yote aliyowahi kufungia.

Matema iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ziwa hili tunalitumia pamoja na jirani zetu wa Malawi na Msumbiji. Kina chake pale penye kina kirefu zaidi kinafika kiasi cha mita 700. Upande wa mashariki ipo milima ya Livingstone. Milima hii haiko mbali na maji kama milima mingine. Imesimama ndani ya maji hasa. Juu yake wanaishi Wakinga. Chini yake, kwenye ukanda mwembamba wa pwani, wanaishi Wakisi.

Kutoka Matema unatembea kwa miguu mwendo mfupi mpaka Lyulilo. Hapo ndipo penye soko la vyungu kila Jumamosi. Lakini sisi hatukutaka kuona soko tu. Tulitaka kuona kazi. Kwa hiyo siku ya Alhamisi, mwishoni mwa mwezi wa Mei, tulipanda mtumbwi kwenda Ikombe.

Kwa nini wao wanafinyanga

Ukifika Ikombe utauliza swali nililouliza mimi. Kwa nini wanawake wa hapa wanafinyanga, na wa vijiji vya mpunga hawafinyangi?

Tazama nyuma ya nyumba. Mlima unaanza pale pale. Shamba la tambarare ni dogo sana. Mihogo inapandwa kwenye mteremko ambao ng'ombe angeteleza. Mtu wa Kyela ana ardhi tele yenye rutuba. Mkisi ana ziwa na udongo. Basi wanaume walivua samaki, na wanawake walifinyanga. Zamani walipakia vyungu katika mitumbwi wakaenda kuvibadilisha kwa chakula cha Wanyakyusa. Siku hizi wanauza kwa fedha, lakini sababu ni ile ile. Chungu ndilo shamba lao.

Ndiyo maana chungu kikipasuka hapa, hawasemi kwamba chombo kimevunjika. Ni kama mpunga umeliwa na ndege.

Udongo

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa makamo. Alikuwa na vyungu 28 vilivyokwisha kufinyangwa, vimepangwa kivulini chini ya mapaa ya nyumba. Alitaka kuvipeleka sokoni Jumamosi hiyo. Binti yake alikuwa anasoma sekondari, na fedha za sare na madaftari zilikuwa ndani ya vyungu hivyo 28. Hakutuambia mara moja. Alitueleza baadaye, tulipomuuliza kwa nini anatazama mawingu kila mara.

Kwanza alituonyesha udongo. Alisema, "Mwanangu, udongo si matope. Matope yapo kila mahali."

Alichukua udongo kidogo wenye unyevu. Akausokota mpaka ukawa kama kalamu. Kisha akauzungusha kwenye kidole chake kama pete. Haukukatika. Huo ni udongo mzuri. Ukikatika, una mchanga mwingi. Ukinata sana mkononi usikubali kuachia, una unene mwingi, nao utapasuka wakati wa kukauka.

Jaribio hili unaweza kulifanya wewe msomaji, hapo ulipo, kwa udongo wa mtoni kwenu. Kuna na jaribio la pili. Tengeneza kipande bapa cha udongo. Kwa rula, chora juu yake mstari wa sentimita 10. Kiache kivulini mpaka kikauke kabisa. Pima mstari tena. Ukiwa umebaki sentimita 9 na nusu, ni vizuri. Ukipungua chini ya sentimita 9, udongo huo unajikunja mno. Ongeza mchanga laini, au vigae vya chungu cha zamani vilivyotwangwa.

Vigae vilivyotwangwa ni dawa nzuri. Vimekwisha kupita motoni, kwa hiyo havijikunji tena. Vinaushika udongo mpya usijikunje kupita kiasi. Pia vinaacha vinjia vidogo vya mvuke kupita. Kwa hiyo mfinyanzi hatupi chungu kilichovunjika. Anakitwanga, na kinaingia katika tumbo la chungu kingine.

Jambo moja mama huyu alilikazania sana. Alikuwa anapepeta udongo kwa vidole, akitafuta vitu vyeupe. Vilikuwa vipande vya magamba ya konokono. Udongo wa karibu na ziwa huwa navyo. Alisema, "Hiki kidogo kama punje ya mchele kinanivunjia chungu cha debe." Maana yake ni hii. Gamba la konokono likichomwa huwa chokaa. Chokaa hiyo ikipata unyevu wa hewa inavimba. Chungu kinatoka motoni kizima, unakiuza, na baada ya siku chache kinabanduka kipande kama sarafu. Mnunuzi anadhani umemdanganya. Wewe hukumdanganya, ila hukupepeta.

Neno kuhusu mashimo ya udongo. Usichimbe kwa kuingia chini ya ukingo kama panya. Udongo wa juu ukilowa mvua huporomoka, na watu wamefukiwa namna hiyo katika sehemu nyingi. Chimba kwa ngazi kutoka juu, wala usiende peke yako.

Mikono

Kufinyanga kwenyewe ni vigumu kukueleza kwa maandishi. Mama aliweka bonge la udongo juu ya kigae kipana cha chungu cha zamani. Alitoboa katikati kwa ngumi. Halafu mkono mmoja ukawa unazungusha kigae, na mwingine unavuta udongo kwenda juu. Alikuwa na vyombo vinne tu: gunzi la mahindi, kipande cha kibuyu, kitambaa chenye maji, na jiwe laini la ziwani. Gunzi la kukwangua nje. Kibuyu cha kusukuma ndani ili tumbo litokeze. Kitambaa cha kulainisha mdomo. Jiwe lilisubiri.

Muda mfupi tu, chungu kilikuwa kimesimama. Nami nilijaribu. Changu kilikuwa na kitako kinene kama tofali na mdomo unaoangalia upande. Watoto walicheka sana. Bibi mmoja mzee aliyekuwa amekaa kivulini hakucheka. Alikishika, akakigeuza, akasema, "Umeanza juu kabla ya kumaliza chini." Kisha akakifinya kikawa bonge tena na kunirudishia.

Sasa nieleze jiwe. Chungu kikisha kukauka nusu, kikiwa kigumu kama ngozi mbichi, kinasuguliwa kwa jiwe mpaka king'ae. Wengine hupaka kwanza udongo mwekundu uliochanganywa na maji, na kuchora mapambo kwa udongo wa rangi nyingine. Kusugua si urembo tu. Jiwe linabana uso wa udongo, na maji hayapiti kwa urahisi. Ndiyo maana chungu cha mboga husuguliwa sana. Lakini mtungi wa maji ya kunywa usisuguliwe kupita kiasi. Unataka utoe jasho kidogo. Maji yanapenya polepole mpaka nje, yanakauka kwa hewa, na yakikauka yanachukua joto. Yanayobaki ndani yanakuwa baridi. Ni kama wewe unavyopata ubaridi upepo ukipuliza nguo yenye jasho.

Vyungu vya jirani

Jioni ile ile ya Alhamisi tuliona moshi kwa jirani. Kijana mmoja wa kike, mama wa mtoto mdogo, alikuwa anachoma vyungu vyake 16. Alitaka kuwahi mvua. Ghafla tulisikia mlio. Pa! Kisha mwingine. Pa! Pa! Watu waliacha kuzungumza. Kila mtu pale alijua maana ya mlio ule.

Moto ulipopoa, vilikuwa vimepasuka vyungu 9.

Nilidhani watamlaumu. Au watampa pole na kwenda zao. Pole walimpa, lakini hawakwenda. Wanawake sita walikuja, wakakaa chini kuzunguka majivu, wakaanza kuokota vigae. Walivigeuza. Walivinusa. Walivipitisha mkono kwa mkono kama barua inayosomwa. Yule bibi mzee aliletwa pia. Hakuuliza, "Kwa nini umefanya hivi?" Aliuliza, "Hivi vilikaa siku ngapi? Vilikaa upande gani wa nyumba? Nani alivigeuza?"

Ndugu msomaji, nimehudhuria semina nyingi. Sijaona mafunzo mazuri kama yale ya kuzunguka majivu. Nilichukua daftari nikaandika waliyosema. Nakuandikia hapa, maana huenda wewe au jirani yako anafinyanga.

Chungu kilichopasuka vipande vingi, tena mapema, kabla moto haujakolea, kilikuwa na maji ndani. Maji hayo huyaoni. Chungu kinaonekana kikavu, lakini ndani ya ukuta kuna unyevu. Maji yakifika joto la nyuzi 100 yanakuwa mvuke. Mvuke unataka nafasi kubwa. Usipopata njia unavunja ukuta. Wanawake wana namna ya kupima: wanakiweka chungu shavuni. Kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji.

Ufa wa mdomoni unaoshuka chini ni wa upepo. Mdomo ni mwembamba, umekauka haraka na kujikunja, wakati tumbo bado ni bichi. Dawa yake ni kufunika mdomo kwa jani la mgomba au kitambaa kibichi siku mbili za kwanza, na kugeuza chungu.

Ufa wa kitakoni ni wa mkono. Kitako hakikupigwa vya kutosha, au kimeachwa kinene kuliko ukuta. Hapo bibi alinitazama mimi. Nilielewa.

Doa jeusi si ubaya. Ni mahali ambapo chungu kiligusa ukuni au kilikosa hewa. Ila kikiwa cheusi mpaka ndani ya ukuta, tena kikigongwa kinalia kama ubao, hakikuiva.

Kwa yule kijana walikubaliana hivi. Vyungu vilivyopasuka vilikuwa vyote vya upande wa nyuma ya nyumba, ambako jua halifiki. Vile 7 vilivyopona vilikuwa vya upande wa mbele. Udongo ulikuwa mzuri. Mkono ulikuwa mzuri. Siku ndizo zilizopungua. Yule kijana alifuta machozi, akaleta kikapu, wakamsaidia kukusanya vigae vya kutwanga.

Kusubiri au kuchoma

Usiku ule mvua ilinyesha. Mwezi wa Mei huku mvua bado haijaisha. Asubuhi ya Ijumaa mbingu ilikuwa nyeusi, na ardhi imelowa. Mtumbwi wa sokoni ulikuwa uondoke Jumamosi alfajiri. Mwenyeji wetu aliingiza vyungu vyote 28 ndani ya jiko lake, karibu na moto mdogo. Familia nzima ilikaa nje ili vyungu vikae ndani. Alivigeuza kila baada ya muda. Alivipima shavuni.

Saa nne hakuchoma. Saa tano hakuchoma. Mumewe alisema, "Mama, Jumamosi haitusubiri." Alijibu, "Na udongo hautusubiri pia." Akaendelea kugeuza.

Saa saba mchana jua lilitoka. Alitandika vigae vikavu juu ya ardhi iliyolowa, ili unyevu wa chini usipande. Juu ya vigae aliweka kuni. Vyungu vikubwa katikati, vidogo pembeni, vyote midomo chini, vikiwa bado na joto la jikoni. Akazungushia kuni, akafunika kwa nyasi nyingi kavu. Aliwasha upande unaotoka upepo? Hapana. Aliwasha upande unaokwenda upepo, ili moto utembee polepole kurudi nyuma. Moto ukikimbia, vyungu vinashtuka.

Tulikaa kimya tukisikiliza. Tulisikia mlio mmoja. Baadaye wa pili. Kisha hakuna tena. Nyasi zilipoungua, aliongeza nyingine. Vyungu vilianza kuwa vyekundu kama makaa.

Pale ndipo udongo unapobadilika. Udongo una maji ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya kukandia, yanaondoka kwa jua na moto mdogo. Ya pili yamo ndani ya udongo wenyewe tangu ulipoumbwa. Hayo hayatoki mpaka joto lifike kama nyuzi 500 au 600. Yakitoka, udongo si udongo tena. Ukiutia majini hauwi matope tena. Moto wa wazi kama ule wa mama hufika nyuzi 600 mpaka 900, ukiwa na kuni nzuri. Yeye hana kipimo cha joto. Anatazama rangi.

Havikuguswa mpaka jioni. Vilikuwa 26 vizima. Aligonga kimoja kimoja kwa kidole, akisikiliza. Vililia kama kengele ndogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tufike, alikaa akala ugali.

Soko la Lyulilo

Jumamosi tuliondoka kabla ya jua. Vyungu vilipangwa mtumbwini juu ya majani, kimoja ndani ya kingine. Mei ni mwezi ambao upepo wa mwera unaanza. Unatoka kusini na kuleta mawimbi makubwa. Mitumbwi husafiri alfajiri kwa sababu upepo bado umelala. Tulishika ukingoni mwa milima, hatukwenda katikati. Hakuna aliyezungumza sana. Mimi nilishika mtungi kama mtoto.

Lyulilo ilikuwa imejaa. Vyungu vimepangwa mchangani, vidogo vya kuwekea chumvi, vya mboga, vya pombe, mitungi mikubwa ambayo mtoto angejificha ndani. Wakinga wameshuka kutoka milimani na viazi na maharage. Wafanya biashara wamekuja na magari ya kupeleka vyungu Tukuyu na Mbeya. Yule kijana wa vyungu 7 alikuwapo. Mwenyeji wetu alimpanga kando yake ili wanunuzi wamwone.

Hapo hapo, hatua kumi tu, mtu alikuwa anauza ndoo za plastiki. Kuna watu husema plastiki na sufuria zimeua ufinyanzi. Mimi niliona mwenyeji wetu, baada ya kuuza, anakwenda kununua ndoo ya plastiki. Nilimuuliza. Alinitazama kama mtu asiye na akili. "Ndoo ni ya kuchotea. Mtungi ni wa kunywea. Nibebe mtungi kichwani kutoka ziwani kila siku kwa nini?" Nadhani yeye ana haki. Chombo chepesi kibebe, na chombo cha udongo kipoze. Ila ni kweli kwamba sufuria zimepunguza wanunuzi wa vyungu vya kupikia, na wafinyanzi wanajua.

Kwa hiyo wanabuni. Mwanamke mmoja alikuwa ameleta vyungu vya maua, vyenye tundu chini la kutolea maji. Alipata wazo hilo baada ya kuona watu wa mjini wakitoboa vyungu vyake kwa msumari na kuvivunja. Mwingine alikuwa na vyungu vidogo kama ngumi kwa ajili ya wageni wanaokuja kupumzika Matema, maana mgeni hawezi kubeba mtungi ndani ya ndege. Nami niliwasimulia habari za wenzao wa magharibi ya Kenya. Huko wanawake hufinyanga sehemu ya ndani ya jiko la kuni liitwalo Upesi. Ni kama pipa fupi la udongo uliochomwa, lina mlango wa kuni mbele, linajengewa jikoni kwa matope, nalo linapunguza kuni. Walinizunguka wakauliza maswali. Ukuta wake unene gani? Unachanganywa na nini? Sikuyajibu yote. Bibi mzee alichora mchangani kwa kijiti, akafuta, akachora tena. Nilipoondoka alikuwa bado anachora.

Ukinunua chungu

Usiangalie rangi kwanza. Gonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri hakina ufa. Kikitoa sauti butu, weka chini. Tia mkono ndani upapase kitako. Inua uone kama uzito wake uko sawa pande zote. Halafu mimina maji kidogo, ukae ukizungumza na muuzaji. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mtungi wa maji ya kunywa uwe na mfuniko na kata yenye mkono mrefu, ili vidole visiguse maji. Uoshe mara kwa mara na kuuanika. Maji yakiwa baridi si kusema ni safi. Yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyatie mtungini.

Chungu kipya cha kupikia usikiweke motoni siku ile ile. Kiloweke maji usiku kucha. Kesho yake pika ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo, uache upoe humo humo. Wanga wa uji unaziba vitundu. Baada ya hapo kipe moto mkubwa kidogo kidogo, siku hata siku. Na usimimine maji baridi ndani ya chungu cha moto.

Nakuambia hili la mwisho kwa sababu nililifanya. Nilirudi nyumbani na chungu kizuri chekundu chenye mapambo shingoni. Nilikaanga vitunguu. Nikaona vinaungua. Nikachukua kikombe cha maji baridi. Pa! Ulikuwa mlio ule ule wa Ikombe. Mke wangu alikuja mbio. Mboga ilikuwa imezima moto.

Niliokota vigae nikavigeuza. Ufa ulianzia kitakoni, pale maji yalipoangukia, ukapanda mpaka mdomoni. Mfinyanzi hakuwa na kosa. Nimevifunga vigae ndani ya gunia. Nikipata safari ya Matema mwaka huu nitavipeleka, vitwangwe.